Mjomba, hawa wazee hawakutupwa

Shikamoo mjomba, na shikamooni wakubwa wote wa kundi la familia.

Tangu niweke ile picha ya mzee akiendesha kigari cha gofu, simu yangu haijapumzika. Mjomba kaandika kutoka Chumbageni, hapo Tanga, kwamba Wazungu wanawatupa wazazi wao kambini, nami nakula mshahara wa laana. Nusu saa haijapita, shangazi wa Makorora naye anauliza kwa nini simchukui mama akapumzike huko. Kambi hiyo hiyo! Basi nawajibu kwa pamoja, maana mmeteleza mahali pamoja: mnadhani nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee, kumbe ni mtaa wa wazee wenye nyumba zao.

Mimi ni fundi, kama nilivyokuwa fundi baiskeli Ngamiani. Huko nilikuwa naziba pancha, hapa Arizona, Marekani, najaza maji ya betri za vigari vya gofu. Kigari kimoja kina betri 6 za volti 8, zimepangwa chini ya kiti, na joto la huku linakausha maji yake kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Mwaka 2023 jiji la Phoenix, ambalo tuko karibu nalo, lilikaa siku 31 mfululizo, kila mchana nyuzi 43 na zaidi. Nyie mnaolia na joto la Februari, haya.

Mtaa wenyewe ni nyumba za watu, kila mtu na hati yake. Mtindo huu ulipata jina Januari 1, 1960, mjenzi Del Webb alipofungua Sun City, hapa hapa Arizona: nyumba, uwanja wa gofu, bwawa, maduka na sharti la umri. Hakuna mtoto aliyemshika mzazi mkono akamwacha getini. Mzee kauza nyumba yake kubwa huko kwenye theluji, kanunua ndogo hapa, na kila mwezi analipa ada ya bwawa, bustani na ukumbi. Wala si wote wastaafu. Sheria inataka angalau nyumba 80 katika kila 100 zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Jirani wa gereji yetu ana miaka 58, na alfajiri tunapishana, kila mtu anawahi kazini kwake.

Sasa mjomba, kama ni kushangaa, shangaa hili: anayefungiwa mlango ni mtoto. Tangu 1988 sheria ya Marekani inakataza kumnyima mtu nyumba kwa kuwa ana watoto, ila mitaa ya wazee kama huu imeachiwa. Kwetu hapa mjukuu anaruhusiwa siku 30 kwa mwaka. Nilikwenda kutengeneza kigari cha bibi mmoja, nikamkuta anakata siku kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na kijukuu chake cha miaka 6 kinajirusha bwawani. Nikamwonea huruma. Kumbe yeye mwenyewe alipigia kura sharti lile! Akaniambia amelea watoto wanne, kelele zimemtosha. Nikanyamaza, nikafunga boliti zangu.

Upweke upo, siwafichi. Kuna mzee wa miaka 84 anakuja gereji kila Jumanne na kigari kisicho na ubovu wowote. Nafungua kiti, nachungulia betri, naongeza tone la maji hata pasipo haja. Yeye kaketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ananisimulia marehemu mkewe. Ni baraza kabisa, ila wenye baraza ni wawili na kahawa ni ya mashine. Kashata hakuna. Lakini mzee huyo huyo Jumatano yuko karakana ya useremala, Alhamisi yuko kwenye karata, na binti yake hapitishi siku hajampigia. Mimi mama sijampigia wiki mbili. Tusemane kwa kweli.

Shangazi, kuhusu mama. Hapa hakuna muuguzi. Ukianguka bafuni unapiga 911, namba ya dharura, kama mtu yeyote wa mjini. Ukifika wakati wa kuogeshwa na kulishwa, unamlipa mtu aje kwako au unauza nyumba uhamie pengine, na hapo ndipo wengi wanapofilisika, maana Medicare, bima ya wazee ya serikali, hailipii malezi ya kudumu ya namna hiyo. Mama akija kwa karatasi za ukaazi, atakaa miaka 5 mfululizo kabla ya kuruhusiwa hata kuinunua bima hiyo. Na miguu yake ile, sukari ile, nani atamlipia hospitali miaka 5? Mimi na spana zangu?

Nami nikiri langu, maana najua kuna mnaonung'unika kwamba Julai sikutuma kitu. Wakati wa kuajiriwa niliahidiwa saa kamili mwaka mzima. Kumbe wateja wengi ni ndege wa msimu: wanakuja Oktoba wakikimbia baridi ya Minnesota na Kanada, Aprili wanafunga nyumba wanaondoka. Kiangazi mtaa unabaki nusu, nami nikabakiziwa siku 2 kwa wiki. Usiku nilikuwa nabeba maboksi kwenye ghala ili kodi itimie. Picha za siku hizo sikuziweka.

Mama mwambieni bati za jikoni zisubiri Novemba. Wageni wameanza kurudi, leo nimepokea vigari 7.