Gesi ya AC haiishi kama ya jikoni

Kaskazi ikianza kupiga na joto la Dar, Unguja na Mombasa likapanda, mafundi AC hupokea simu ya aina moja: "AC inapuliza tu, haipoozi, njoo uongeze gesi." Mgonjwa hajapimwa, keshajiandikia dawa. Gesi ya jikoni inaisha kwa sababu inaungua. Ya kiyoyozi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haichomwi wala hailiwi, na mashine iliyofungwa vizuri hukaa miaka kumi na zaidi na gesi ileile. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kuteka maji kwa pakacha: baada ya miezi michache simu inapigwa tena, na fundi analipwa tena.

Kabla ya gesi kuna mambo matatu au manne ya bei rahisi ya kukagua, na la kwanza halihitaji fundi. Zima AC kwenye breka, si kwa rimoti tu. Fungua mfuniko wa mashine ya ndani, vuta vyujio viwili vya wavu, uvioshe kwa maji ukielekeza bomba upande wa nyuma, ili vumbi lisukumwe litoke kulikoingilia. Vianike kivulini, maana juani plastiki hujikunja na chujio halikai tena sawasawa. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, fanya hivi kila wiki mbili.

Chujio likiwa nje, mulika kwa tochi mapezi ya aluminiamu yaliyo nyuma yake, kisha pipa la feni linaloonekana kwenye tundu la kutolea hewa. Pipa ndilo wengi hawaliangalii. Vibapa vyake vikishika utando mweusi mzito, feni inazunguka kwa kasi yote lakini hewa inatoka kama pumzi ya mgonjwa. Hapo hakuna gesi itakayosaidia. Fundi aifunike mashine kwa mfuko maalumu wa kukingia maji, azibe kwa nailoni sehemu yenye bodi ya umeme (mara nyingi iko upande wa kulia), kisha aoshe mapezi na pipa kwa pampu ndogo na dawa ya kusafishia koili (mabomba yaliyovikwa mapezi hayo) au sabuni laini ya vyombo. Dawa ya madoa yenye klorini na magadi makali ya kuzibulia mabomba visikaribie hapo, kwani hula aluminiamu.

Maji yakidondoka ukutani, sababu ya kawaida ni bomba la kutolea maji kuziba kwa utelezi wa ukungu. Livute pumzi kutoka upande wa nje kwa mashine ya kufyonza maji, kisha mimina lita moja ya maji polepole kwenye trei ya ndani uone kama yanatoka yote. Bomba literemke njia nzima, angalau sentimita moja kwa kila mita, na ncha yake isizame kwenye ndoo. Ikizama, maji yanarudi chumbani hata kama bomba ni safi.

Sasa mashine ya nje. Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni chumvi. Kusi inavuma kutoka baharini miezi mingi ya katikati ya mwaka, na nyumba iliyo karibu na ufuo hupakwa chumvi kila siku. Mapezi huota unga mweupe, kisha yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, umeme ukiwa umezimwa, mara moja kwa mwezi ukiwa karibu na bahari, mara moja kwa miezi mitatu ukiwa mbali. Tumia mpira wa kumwagilia wenye msukumo wa kawaida. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi, na hewa haipiti tena. Iache nafasi: sentimita 30 nyuma, na mbele pasiwe na ukuta, pipa la maji wala kabati la viatu. Mashine inayovuta hewa moto iliyoitoa yenyewe hukata kila baada ya dakika chache, na mwenye nyumba huamini ni gesi.

Kosa jingine linalosingiziwa gesi ni kapasita, kifaa kidogo kinachoipa kompresa (pampu inayosukuma gesi) msukumo wa umeme wa kuanza. Dalili zake ziko wazi: feni ya nje inazunguka, lakini kompresa inanguruma sekunde chache, inakata, inapoa, inajaribu tena. Ndani hewa inatoka ya joto. Kwenye AC za kawaida zisizo inverta (inverta ni ile ambayo kompresa yake hubadili kasi), za BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza), kapasita ya kompresa mara nyingi ni ya mikrofaradi 30 hadi 35, na thamani yake imeandikwa ubavuni. Fundi akate umeme, aimalizie chaji kwa kuunganisha vichwa vyake kupitia kikinzani (rezista), ndipo apime kwa mita. Iliyoandikwa 35 ikisoma 24, imekufa, hata kama haijavimba. Inayowekwa iwe na namba ileile, na volti zisipungue za ile ya zamani. Hii si kazi ya mwenye nyumba: kapasita hushika umeme hata breka ikiwa chini.

Je, gesi ikiwa imepungua kweli? Angalia barafu. Ikishika koili nzima pamoja na bomba nene, kwa kawaida hewa haipiti, rudi kwenye vyujio na pipa. Ikishika bomba jembamba au kona moja tu ya koili, kwa kawaida gesi imepungua. Kisha tafuta mafuta: kompresa ina mafuta yanayosafiri na gesi, kwa hiyo nati inayovuja huwa na doa la mafuta lililonasa vumbi. Paka povu la sabuni kwenye nati zote nne, mbili ndani na mbili nje. Tundu lisipoonekana, fundi ajaze naitrojeni na kuiacha chini ya mgandamizo. Akileta mtungi wa oksijeni, mfukuze. Oksijeni ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo hulipuka.

Tundu likizibwa, mfumo unavutwa hewa kwa pampu ya vakyumu nusu saa au zaidi, kisha gesi inapimwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine ya nje. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "imepoa" anabahatisha. Na kwenye inverta hata geji (kipima mgandamizo) pekee hudanganya, kwa sababu mgandamizo hubadilika na kasi ya kompresa. Aina ya gesi nayo isichanganywe. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hivyo huingizwa ikiwa kimiminika. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo pasiwe na sigara wala jiko karibu. Mashine ya R22 haijazwi R410A: mafuta ni tofauti na mgandamizo ni mkubwa mno kwake.

Umeme unaokatika na kurudi ghafla nao unaua kompresa. Weka kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha dakika tatu au nne, muda ambao mgandamizo wa pande mbili unasawazika. AC iwe na waya wake toka kwenye mbao za breka: milimita za mraba 2.5 kwa BTU 12,000, na 4 kwa BTU 24,000. Eksitensheni hapana.

Kubadilisha mashine kunalipa pale ya zamani inapokuwa ya R22 na koili imelika. Kwa chumba kinachopozwa usiku kucha, nunua inverta, kwani utaiona tofauti kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa chumba cha wageni kinachowashwa mara mbili kwa mwezi, ya kawaida inatosha. Chumba cha mita za mraba 14 kinataka BTU 9,000, cha 20 kinataka 12,000, ongeza kidogo kama kiko chini ya bati bila dari au kinapigwa na jua la jioni. Usikubali kuuziwa kubwa kupita kiasi "ipooze haraka": inafikia nyuzijoto ulizoweka kabla haijakausha unyevu, na unalala kwenye baridi yenye jasho. Weka 25 au 26, pangaboi izunguke polepole.

Siku ya kuifunga mashine mpya, simama hapo. Pampu ya vakyumu ikizimwa, geji ibaki imeunganishwa dakika kumi na tano. Mshale ukianza kupanda, nati moja haijakaza, na valvu za gesi zisifunguliwe mpaka ipatikane.