Gari la zamani lililolala miaka mingi: breki kwanza kabla ya kulitoa bandani

Mkuu, hongera kwa urithi huo. Umesema marehemu babu yako amekuachia Peugeot 504 ya petroli ya miaka ya 70 iliyolala bandani zaidi ya miaka kumi, pamoja na redio yake ya nyumbani ya valvu (zile taa za kioo za ndani) na sanduku la santuri. Fundi mmoja kakushauri ufunge betri mpya, umimine petroli kidogo mdomoni mwa kabureta, upige stata, likiwaka ndipo mjue pa kuanzia. Unauliza kama ni sawa, na redio nayo uichomeke tu.

Nakuomba usifanye hivyo, si kwa gari wala kwa redio. Nimeishi na magari ya kabureta tangu ujana wangu, 504 na Volkswagen Beetle yakiwemo, na redio na santuri nazikusanya kwa mapenzi yaleyale. Kulala kwenyewe kumeshaleta madhara yake, ila mengi yanarekebishika. Yale yasiyorekebishika kirahisi huja siku ya kuliamsha kwa pupa.

Gari likilala, oili yote hushuka chini kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kuta za silinda zinabaki kavu, unyevu unaingia kupitia vali iliyoachwa wazi, na kutu nyembamba inaota pale ringi za pistoni zilipoegemea. Ukipiga stata ghafla, ringi zinakwangua kutu hiyo juu na chini, na zikiwa zimenata zinaweza kuvunjika. Halafu kumimina petroli kabureta ikiwa wazi huku mtu mwingine anapiga stata ni njia ya kuunguza gari na nyusi za mtu. Moto ukirudi nyuma kupitia kabureta, chupa ya petroli iko mkononi mwako.

Fanya hivi. Chomoa kwanza kijiti cha kupimia oili. Ukikuta oili ina rangi ya maziwa, maji yameingia, na kwenye 504 hilo lina maana yake: slivu za injini hiyo (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinaogeshwa moja kwa moja na maji ya kupozea, na chini zina sili za kuzuia maji yasipite. Sili hizo zikichoka, maji yanatiririka hadi kwenye sampu gari likiwa limesimama tu. Ukikuta hali hiyo, injini ifunguliwe kabla ya jambo lingine lolote. Oili ikiwa nyeusi ya kawaida, fungua plagi zote nne, dondoshea oili safi kidogo kila tundu, uache usiku kucha, hata siku kadhaa kama una subira. Kisha weka gia huru, shika boliti ya puli ya kranki kwa spana ndefu, uzungushe kwa mkono. Ikikataa usilazimishe. Ongeza oili, subiri, jaribu tena.

Ikizunguka laini, badilisha oili na filta, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, kisha piga stata plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya oili izimike. Hapo pampu imeshafikisha oili kwenye beringi bila injini kubeba mgandamizo. Kwenye oili, chagua nzito iliyokusudiwa injini za zamani, mfano 20W-50. Oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki na fosforasi kwa sababu huharibu katalisti za magari mapya, wakati kamshafti na tapeti (sehemu zinazofungua vali) za injini yako zilitegemea vitu hivyo visisagane.

Sasa hata likikubali kuwaka siku hiyohiyo, lisitoke bandani. Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi: wao furaha yao ni mlio wa injini, mimi nataka kwanza nijue litasimama. Mafuta ya kawaida ya breki, DOT 3 na DOT 4, huvuta unyevu wa hewani. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka ndani ya mabomba ukiwa unateremka mlima, pedali inazama hadi sakafuni na hupati breki. Zaidi ya hapo, maji hayo yameshatafuna masta silinda (pampu kuu ya breki) na silinda za magurudumu kwa ndani, mahali usipopaona bila kufungua.

Na usidanganywe na mipira laini ya breki inayoingia kwenye magurudumu. Kwa nje utaiona mizima, pengine hata inang'aa. Kwa ndani imevimba na njia imebaki nyembamba. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inasukuma mafuta yapite. Ukiachia, hayarudi, na gurudumu linabaki limekamatwa. Nimeona watu wakinunua kalipa mpya (kifaa kinachobana diski ya breki) mara mbili kwa tatizo la mpira mmoja. Badilisha mipira yote kwa pamoja, badilisha raba za silinda zote, mwaga mafuta yote ya zamani, jaza mapya, na uwe unayabadilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei sana.

Matairi pia. Ubavuni tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT (si ile ya mafuta ya breki). 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hata likiwa na kashata nzima kabisa, litumie kulisukumia gari ndani ya banda na si zaidi. Raba hufa kwa umri.

Tuje kwenye upoozaji, maana 504 nyingi zimeponzwa hapo. Hedi, sehemu ya juu ya injini, ni aluminiamu; bloku, mwili wake, ni chuma. Ukiweka maji matupu, metali hizo mbili zinaliana, uchafu unaziba rejeta, na hedi inatobolewa kidogo kidogo. Tumia kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, hata kama unaishi mahali ambapo maji hayagandi kamwe. Kazi unayoitaka hapa ni kuzuia kutu.

Feni ya 504 nayo ina mambo yake. Haishiki muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoikamata pale maji yanapopata moto, na umeme unafika kwenye sumaku hiyo kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachogusa pete inayozunguka. Langu lilikuwa linachemka kila nikikwama kwenye foleni, na barabara ikifunguka joto linashuka lenyewe. Fundi akabadilisha themostati, haikusaidia, akaanza kuzungumzia kufungua hedi. Lakini dalili ilikuwa wazi: likitembea, upepo wa mwendo unatosha, likisimama, hakuna upepo. Nilipochomoa kile kipande cha kaboni kilikuwa kimelika mpaka hakifikii pete, na waya unaotoka kwenye swichi ya joto ulikuwa na ukoga wa kijani kwenye kichwa chake. Kaboni mpya, waya ukasuguliwa, foleni haikunitisha tena. Kwa hiyo kabla hujakubali mtu afungue hedi, washa gari, subiri lipate moto, uone kwa macho yako kama feni inakamata.

Petroli ya miaka kumi si petroli tena. Inanuka kama vanishi, na ukiiruhusu ipande kwenye kabureta itaacha gundi kila tundu. Mwaga yote, shusha tangi lioshwe, weka filta mpya kabla ya pampu. Mipira yote ya petroli badilisha kwa ile inayovumilia ethanoli, kwa kuwa petroli ya siku hizi mara nyingi imechanganywa nayo, na ethanoli inalainisha raba za zamani hadi zinavuja juu ya injini yenye moto. Kabureta ifungue, ioshe, pulizia jeti kwa upepo. Usichokonoe jeti kwa waya. Tundu lile limetobolewa kwa kipimo, ukilipanua gari litakunywa mafuta na hutajua kwa nini. Suala la risasi lisikunyime usingizi. Petroli yenye risasi ilitoweka vituoni duniani kote mwaka 2021, lakini kwenye hedi yako ya aluminiamu viti vya vali ni vipande vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Watakaokuuzia dawa za kuongeza tangini waache wapite.

Kwenye cheche, fungua kofia ya distributa utazame pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke. Zikiwa zimechimbika upande mmoja na kuota kichuguu upande wa pili, kondensa imechoka. Uwazi wa pointi kwa magari mengi ya aina hii ni karibu milimita 0.4, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) wakati kikanyagio cha pointi kimekaa juu kabisa ya kamu, si pembeni. Kondensa ya zamani ikiwa bado nzima, itunze. Nyingi zinazouzwa sasa ni dhaifu kuliko hiyo.

Umeme kwa ufupi: usianze kubadilisha taa na mota, anza na athi, njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi. Washa taa kubwa, weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na bodi. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, kuna boliti mahali fulani imeota kutu chini yake.

Kuhusu spea, ambazo umesema ndizo zinazokuogopesha zaidi, una bahati. 504 lilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata likawa Gari la Mwaka barani Ulaya, na yaliundwa zaidi ya milioni 3. Gari lenye ndugu wengi halikosi spea. Ndiyo maana pia Beetle, iliyoundwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ikatoka Mexico mwaka 2003, ni rahisi kuitunza kuliko magari mengi yaliyokuja baada yake. Pamoja na hilo, acha kutafuta spea kwa jina la gari pekee. Beringi nyingi zina namba iliyochongwa ubavuni, na namba hiyo ni ya dunia nzima. 6203 ni tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40, upana 12, iwe imetoka kwenye altaneta, mashine ya kufulia au pampu ya maji. Oili sili nazo huandikwa vipimo: shafti, kipenyo cha nje, upana. Ukisafisha kitu cha zamani kwa mafuta ya taa na kukisoma kwa tochi kabla ya kukitupa, spea uliyoambiwa haipatikani unaikuta dukani ikisubiri mashine nyingine kabisa. Weka daftari. Kila namba unayoisoma iandike pamoja na mahali ilipotoka.

Bodi sasa. Utashawishika kulipiga rangi mpya mapema, ndugu watakusukuma, na mimi nakusihi usubiri. Chukua sumaku ndogo uifunge kwenye kitambaa, ipitishe chini ya milango, kwenye vizingiti, na kuzunguka matao ya magurudumu. Inapoacha kushika, hapo kuna pati nene badala ya bati. Zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa kijiti. Nyanyua mazulia uone sakafu. Kata kutu, chomelea bati jipya, weka rangi ya kuzuia kutu, na rangi ya babu iliyobaki iache ilivyo. Rangi iliyofifia lakini ya kiwandani inasimulia gari lilivyoishi, ukishaikwangua hairudi. Vivyo hivyo kila kitu cha asili unachokitoa, hata kikiwa kibovu, kitie kwenye mfuko, andika jina lake, hifadhi. Kibati cha chasisi na kitabu cha gari ni mali kuliko rimu za kung'aa.

Redio usiichomeke ukutani. Ndani yake kuna kapasita za karatasi na za elektroliti ambazo kwa umri zinavujisha umeme, na ikiwashwa ghafla zinaweza kupasuka au kuunguza transfoma, ambayo ndiyo sehemu ngumu kupata. Mafundi wa redio hizi huiunganisha kwanza mfululizo na balbu ya uzi: kukiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu na redio inasalimika. Mpe mtu anayezijua valvu, kwa sababu mle ndani mna mamia ya volti, na baadhi ya kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Zipo redio ambazo hata chasisi yake ya chuma ina umeme wa ukutani.

Santuri zile nzito zinazovunjika, za mizunguko 78 kwa dakika, kamwe usizifute kwa spiriti. Nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya gundi ngumu ya asili, na spiriti inaiyeyusha, inafuta sauti mbele ya macho yako. Maji kidogo yenye tone la sabuni laini na kitambaa laini yanatosha, lebo isilowe. Zisimamishe wima, usizirundike.

Wikiendi hii fanya mambo matatu tu: chomoa kijiti cha oili, fungua plagi, na usome tarakimu za matairi. Piga picha za plagi zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa silinda, na ya kibati cha chasisi, uziweke hapa. Rangi ya plagi hizo itatueleza injini ilizimwa ikiwa katika hali gani, na kutoka hapo nitakuambia kama kabureta ifunguliwe kabla au baada ya kazi ya breki kukamilika.