Kusikiliza hakulipi renti, lakini anzia hapo

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata. Unasema umemaliza kusomea kazi za jamii, umepata ofisi huko Kariobangi, na kila asubuhi watu wanaingia na njaa na renti ya miezi mitatu, na wewe umefundishwa kukaa uwasikilize. Ukaniuliza, "Baba, kwani kusikiliza kunalipa renti?"

Hakulipi. Mtu akikuambia maneno mazuri yanatosha jua hajawahi kufungiwa nyumba na kufuli. Lakini mimi nimefanya hii kazi hadi nikastaafu na bado nakwambia uanzie hapo.

Kuna mama alikuwa anakuja kwetu kila mara na kichwa. Amemeza tembe za kemisti, amepimwa presha, amepimwa malaria, hakuna kitu. Siku moja mwenzangu akamuuliza tu, "na usiku unalala?" Mama akanyamaza, halafu ikaanza kutoka polepole, ati halali ju keateka hupita alfajiri akigonga milango ya wenye deni, bwanake alienda mjengo Kitengela na hashiki simu, na tangu ajifungue akibeba mtoto haskii chochote, analia tu. Sasa niambie, hiyo ni shida ya mwili, ya akili ama ya pesa? Ukitibu kichwa hujafika, na ukimlipia renti umemsukuma mwezi mmoja na bado ako na depresheni ya baada ya kuzaa yenye hakuna mtu ameiona.

Hii si maneno yangu. Daktari mmoja Mmarekani, George Engel, aliandika mwaka wa 1977 kwamba matibabu yameshikilia mwili peke yake, na mgonjwa hutamwelewa mpaka uangalie mwili, akili na maisha yenye anaishi, zote pamoja. Hata Shirika la Afya Duniani tangu 1948 limesema afya si kukosa ugonjwa tu, ni kuwa sawa mwilini, akilini na kwa jamii. Kwa hivyo renti na machozi ni faili moja, usizitenganishe. Huyo mama tulimpeleka kliniki akaonwa, na siku hiyo hiyo mtu wetu akaenda kuongea na landlodi akubali kulipwa kidogo kidogo. Na kama mtu amekuja hajakula, tafuta chakula kwanza, maswali baadaye, njaa haiwezi kungoja umalize fomu.

Halafu kuna hii yenye sisi watu wa Nairobi inatushinda kabisa, kumwacha mtu aamue mwenyewe. Felix Biestek, padri mwenye alikuwa anafundisha kazi za jamii huko Marekani, aliandika kanuni saba mwaka wa 1957, na kati yao kuna kutomhukumu mtu, kuweka siri yake, na kuheshimu haki yake ya kuchagua. Sisi tunapenda kushauri sana, mtu hajamaliza sentensi tumeshamwambia arudi ushago, na yeye ushago ndio alitoroka. Muulize anataka nini. Ukimpangia maisha ataitikia ndio, ndio, na hutamwona tena.

Siri nayo, angalia ofisi yenu. Kama ni ya mabati na watu wanangoja kwa benchi hapo nje, kila kitu kinaskika, na mwenye ako kwa benchi pengine ni jirani yake. Washa redio huko nje ama mtoke mtembee mkiongea. Na mwambie mapema, kabla hajaanza stori, kwamba yake utaiweka isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini ama kuna mtoto anaumizwa, ndio asikuone msaliti baadaye.

Wewe pia tafuta mtu mkubwa kwa hii kazi wa kuongea naye, usibebe hizi vitu hadi kitandani.

Sasa huyo kijana wa boda umenitajia, mwenye alisema hata asipokuwepo hakuna mtu atajua. Hapo usizunguke. Muulize waziwazi, "unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa ati ukiuliza unampa wazo, si kweli, wengi huskia afueni ju mwishowe kuna mtu ameuliza. Akisema ndio, uliza kama ameshapanga vile atafanya na kama kitu chenyewe ako nacho, na usimwache peke yake. Pengine anaogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kinasema kujaribu kujiua ni kosa, mwambie Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinaenda kinyume na Katiba. Usimpe tu karatasi ya rufaa ya kwenda hospitali. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapo tangu 1910 na watu bado wanaogopa jina, mtu akitumwa huko peke yake anashukia njiani. Panda matatu naye, keti naye kwa foleni mpaka aonwe. Usiku ukikupata, namba ya Red Cross ya 1199 ni ya bure na huko kuna makaunsela.

Mtafute leo kabla ya lanchi, halafu unipigie simu, hata ikiwa ni usiku.

Babako