Kabla hujakubali kuwa mfamasia msimamizi

Wadogo zangu mnaomaliza utarajali na kupata usajili wa Baraza la Famasi, simu zitaanza kuita. Kuna mfanyabiashara kapata fremu nzuri karibu na stendi, mtaji anao, rafu zimeshapigwa, anachokosa ni mfamasia msimamizi. Atakwambia usijisumbue kuja, lete cheti tu tukitundike, hela yako itaingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Kwa kijana ambaye ajira za serikali bado hazijatoka, maneno hayo ni matamu. Nawaomba myakatae.

Hapa Tanzania, Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka famasi iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa, na atakayeandikwa hapo ni wewe. Mtoto akipewa dozi ya mtu mzima saa 3 usiku, nawe uko mkoa mwingine, wa kuulizwa ni wewe. Lakini hata ungekuwa na hakika kwamba hakuna atakayekuuliza, mtoto yule bado angekuwa amekunywa dozi isiyo yake.

Chukueni dawa ya mseto ya malaria, maana haipiti siku bila kuulizwa. Mama amekuja na cheti cha kipimo, mtoto ana kilo 12. Hapo inatakiwa kidonge kimoja sasa, kingine zikipita saa 8, halafu kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku mbili zinazofuata: vidonge 6, dozi imekwisha. Kuhesabu vidonge ni kazi ndogo. Kazi ni kumwambia mama saa ya kidonge cha pili kwa saa ya ukutani, ampe mtoto pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, asiache siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, na akitapika muda mfupi baada ya kumeza arudi tuzungumze. Kisha umwombe arudie alichosikia. Hayo yanataka dakika kadhaa za utulivu. Binti aliye peke yake kaunta, wateja sita mbele yake, mmoja anadai chenji, mwingine anagonga kioo, dakika hizo hana. Ataandika 1x2 kwenye bahasha na kuita anayefuata. Simlaumu yeye. Namlaumu aliyepanga shifti.

Kwa hiyo usihesabu wafanyakazi kwa orodha ya mishahara. Nenda ukakae pale kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku, watu wanapotoka kazini, uone wapo wangapi na kila mmoja ana elimu gani. Famasi nyingi zinajaza watu asubuhi, wakati mzigo wa bidhaa unaingia na wakaguzi wanaweza kupita, na jioni anabaki mmoja. Mimi nashikilia kwamba anayepokea pesa asiwe huyohuyo anayehakiki dawa, na dawa ya cheti cha daktari ipite macho ya watu wawili tofauti kabla haijavuka kaunta. Mmiliki akisema hilo ni gharama, mwambie ndiyo, ni gharama ya biashara ya dawa.

Wala msiwadharau watoa dawa. Maduka ya Dawa Muhimu yalipoanza Ruvuma mwaka 2003, msingi wake ulikuwa kumfundisha muuzaji na kumwekea orodha ya dawa anazoruhusiwa kutoa, na hali ikabadilika kuliko ilivyokuwa enzi za duka la dawa baridi. Mtu aliyefunzwa na anayejua mwisho wa mamlaka yake ni salama kuliko mfamasia asiyekuwepo.

Ukishakuwepo, simamia vitu vinavyoshikika. Tenganisha dawa zenye majina yanayokaribiana, kama metformin na metronidazole, amlodipine na amitriptyline; zikikaa jirani, siku ya foleni mkono utachukua isiyo yake. Funguo za kabati la dawa zenye asili ya kulevya zisibaki kwenye droo ya pesa. Fungua daftari la makosa yaliyokaribia kutokea, na anayeandika humo asikatwe mshahara, la sivyo litabaki jeupe.

Wenzetu wamekwenda mbali kwenye hili. Uingereza, tangu Oktoba 2009, mfamasia mwenye dhamana kwa siku husika huweka jina lake mahali wateja wanapoliona, huandika kumbukumbu ya muda wake kazini, na haruhusiwi kutokuwepo zaidi ya saa mbili kwa siku. California, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2024 ilimpa mfamasia msimamizi uwezo wa kuamua kuhusu idadi ya watu kaunta. Hapa kwetu unaweza kuanza na daftari la kuingia na kutoka hata kama hakuna aliyekuagiza.

Haya yote yaingie kwenye mkataba: saa zako, watu wangapi kila shifti, nani anashika nafasi yako ukiugua, na haki yako ya kusimamisha utoaji wa dawa za cheti pale watu wanapopungua. Maneno ya mdomo na bosi hayatakusaidia siku ya siku. Akigoma kuandika, usisaini. Na kama umeshasaini halafu makubaliano yakavunjwa, andika barua kwa mmiliki na kwa Baraza kwamba umeacha usimamizi, taja tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri, kisha nenda mwenyewe ukakitoe cheti chako ukutani.