"Kiharusi cha upande wa kushoto": upande wa nini?

Swali: Ami yangu alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Karatasi ya hospitali inasema jeraha liko kushoto. Tangu hapo amekuwa mnyonge, hataki hata kuketi barazani. Ndugu yangu amewaandikia jamaa: "Ami ana sonona kutokana na kiharusi cha upande wa kushoto." Je, ni sahihi? (Msomaji, Langoni, Lamu)

Jibu: Pole kwa kuuguza, dada. Kisarufi sentensi haina kosa, lakini jamaa wakiisoma watadhani mkono uliolegea ni wa kushoto. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoongoza mwili upande wa kulia, kwa hivyo "kiharusi cha upande wa kushoto" hubeba maana mbili zinazopingana. Mimi nisingeitumia kabisa. Sema "jeraha liko upande wa kushoto wa ubongo", au "amepooza mkono na mguu wa kulia". Wazee wetu wangesema wa kuume.

Sonona ni sawa. Imekaa jirani na kusononeka, kitenzi tunachokijua sote, na inautaja ugonjwa wenyewe, ule wa huzuni nzito inayodumu. Msongo wa mawazo ni jambo jingine.

Kinachonitia wasiwasi ni "kutokana na", kwa kuwa ndugu yako ameshakata hukumu ya chanzo, na chanzo chenyewe amekiweka kwenye upande. Miaka ya 1980 daktari wa magonjwa ya akili Robert Robinson na wenzake, huko Baltimore, Marekani, walieleza kwamba jeraha la mbele kushoto, kadiri linavyokaribia ncha ya mbele ya ubongo, ndivyo sonona inavyokuwa kali. Wengi walilipokea dai hilo. Kisha mwaka 2000 jarida la kitabibu la Lancet likachapisha mapitio ya tafiti nyingi, na hayakuona ushahidi wa kuliunga mkono. Kupima nako kuna ugumu wake: jeraha la kushoto mara nyingi huharibu usemi, na tafiti nyingi ziliwaacha nje wasioweza kusema, maana sonona huulizwa kwa maneno. Mgonjwa aliyenyamaza huenda ndiye aliyezidiwa, na hakuhesabiwa.

Lililo wazi ni kwamba takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona wakati fulani, jeraha liwe kushoto au kulia. Ukubwa wa ulemavu una uzito, na vilevile kama mtu aliwahi kuugua sonona zamani.

Basi "baada ya" inatosha, kwani inataja mfuatano tu: "Ami ana sonona baada ya kiharusi. Jeraha liko upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia vimelegea."

Ila kama hakuna daktari aliyesema ni sonona, andikeni "amesononeka", kisha mpelekeni akapimwe upesi. Sonona ya baada ya kiharusi ina matibabu, ya dawa na ya mazungumzo, na asiachwe hivyo kwa kudhaniwa kwamba ni uzee tu.