Kusoma "ingekuwaje" kwenye foleni ya Kasumbalesa

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, mtu aliyezoea riwaya za mapenzi na za upelelezi aanzie wapi akitaka za historia, za safari za kubuni na zile za "ingekuwaje kama". Pili, kuna faida gani kusoma historia ambayo haikutokea. Hapo juu kuna aliyekujibu kwamba ni kupoteza muda, bora usome historia yenyewe. Naanza na huyo, maana zamani nami nilikuwa nasema hivyohivyo.

Mimi ni deklaran, nashughulikia karatasi za forodha za malori ya shaba. Naishi Kenya. Komini (mtaa) ya Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, msije mkaniuliza habari za Nairobi. Kazi yetu kubwa ni kusubiri. Lori linaweza kulala Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, siku tatu, nne, kwa ajili ya mhuri mmoja, nawe unalala nalo. Wenzangu wanacheza karata, mimi nasoma.

Usiku mmoja foleni imeganda kabisa, nimekaa na dereva wa Kitanzania, mtu mzima, anapeleka shaba Dar es Salaam. Kawasha jiko lake kando ya trela, tunakula bukari na dagaa (yeye anaita ugali, tulibishana kidogo). Akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia habari za Msiri. "Msiri yupi?" Mfalme wa Bunkeya, yule aliyetoka huko kwenu. Tonge likabaki hewani. "Kaka, mimi ni Msumbwa, kabila la magharibi mwa Tanzania. Huyo mtu wa kwetu!"

Basi usiku ule nilimsimulia, na nikajifunza namna ya kusoma vitabu hivi ambayo sikuwa nayo.

Kwa asiyejua: Msiri alikuja Katanga, huku kwetu kusini mwa Kongo, katikati ya karne ya 19 akifuata shaba na pembe, akakaa, akatawala. Misafara yake ilikuwa inafika bahari zote mbili, ya Angola na ya kwenu Waswahili wa pwani. Tusimpambe, watumwa nao walikuwemo katika biashara hiyo. Mwaka 1890 akaja Mwingereza Alfred Sharpe, ametumwa na kampuni ya tajiri Cecil Rhodes, anataka Msiri aweke alama kwenye mkataba. Msiri akakataa, Sharpe akarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa Kapteni Stairs, mzaliwa wa Kanada, afisa wa Uingereza, lakini safari hii anamtumikia Leopold II wa Ubelgiji. Wazungu watano, na nyuma yao mamia ya wapagazi na askari waliokuwa wanaongea Kiswahili. Walitembea miezi mitano hivi kutoka pwani, wakafika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Tarehe 20 Msiri alikuwa amekufa, kapigwa risasi na Bodson, mmoja wa wale Wazungu watano, na Bodson mwenyewe akapigwa hapohapo, naye akafa.

Sasa kuna kipande kimoja husimuliwa, ndicho kilichomfanya dereva asahau dagaa zake. Kwamba Msiri, mambo yalipombana, alimwandikia Sharpe barua ya kumwita arudi. Ikatoka Bunkeya mkononi mwa mjumbe, ikakutana na msafara wa Stairs njiani, ikaishia hapo.

Dereva akanyamaza. Kisha: "Ina maana mjumbe angepita njia nyingine..."

Hiyo ndiyo "ingekuwaje" nzuri. Njia panda ndogo kabisa: mtu mmoja, barua moja, kijia porini. Vitabu vibovu vya aina hii huanza na jambo kubwa mno: mfalme wetu anapata bunduki za ajabu, anawafukuza Wazungu wote, kisha dhahabu na ngoma kurasa mia tatu. Hapo huna kitu cha kufikiria.

Tukaendelea. Barua imefika, Sharpe amerudi, Katanga imekuwa ya Waingereza, leo ni kipande cha Zambia. Dereva kwa haraka: "Basi nisingelala hapa!" Akafurahi. Halafu akakunja uso. "Lakini mpaka ungekuwa wapi? Wangeuweka tu huko mbele, ningelala huko." Nikamwonyesha geti. Ukitoka Zambia unaendesha kushoto, ukivuka tu unahamia kulia. Mita chache za lami ambapo malori yanapishana kama watu wanaotafuta njia gizani. Sababu yake ni nini? Ile Desemba ya 1891, na mikataba iliyokuja baadaye. Watu wa pande zote mbili za geti ni wamoja, Walamba, Wabemba, wanazikana na kuoana, lakini mmoja anasema "good morning" na mwenzake "bonjour".

Kisha likaja lililonikaa mimi mpaka leo. Upande wa Zambia, kwenye miji ya migodi kama Kitwe na Ndola, lugha ya mjini ikawa Kibemba. Upande wetu makampuni ya migodi na serikali ya Wabelgiji walifanya kazi na vibarua kwa Kiswahili, kikawa lugha ya kambi, halafu ya soko, halafu ya nyumba. Nkambo yangu, mzazi wa mzazi wangu, alikuwa anatukana kwa Kibemba na kusali kwa Kiswahili. Ile barua ingefika, huenda mimi leo ningekuwa na Kibemba peke yake, na jibu hili usingelisoma. Nimeelewa historia ya mji wangu kupitia swali hilo moja kuliko miaka yote niliyokariri tarehe shuleni. Huyo ndugu wa "kupoteza muda", hilo ndilo jibu langu kwako.

Kwa hiyo nikifungua riwaya ya namna hii siangalii vita. Naangalia watu wanakula nini, wanalipana kwa nini, wanaongea lugha gani sokoni, na habari inachukua siku ngapi kufika. Mwandishi akinipeleka mjumbe kutoka Zanzibar mpaka Bunkeya kwa wiki mbili, nafunga kitabu.

Vitabu sasa. Sitakupa orodha ndefu.

Kama unasoma Kiingereza, tafuta Everfair ya Nisi Shawl, wa Marekani, imetoka 2016. Ni Kongo yetu hii ya Leopold, lakini wajamaa wa Kiingereza wananunua ardhi kwake na kujenga nchi yao, na waliokatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira wanatengenezewa mikono ya shaba nyeupe inayofanya kazi kwa ufundi wa ajabu. Mikono hiyo ilinishika koo. Mfalme mle ndani anaitwa Mwenda, na mtu wa Katanga akisoma jina hilo lazima asimame, maana Mwenda ni jina la machifu wa Bunkeya, ukoo wa Msiri mwenyewe. Sikukipenda chote. Wasimulizi ni wengi, kinaruka miaka, katikati nilichoka nikakiweka kando mwezi mzima. Nilikisoma kwenye simu, kamusi pembeni. Lakini anzia hicho kama lugha inakuruhusu.

Kwa safari za kubuni, sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulilelewa na Jules Verne. Cinq semaines en ballon (Wiki tano ndani ya puto), ya 1863: puto linapaa Zanzibar linavuka Afrika mpaka Senegal. Nilikisoma darasani, kimefichwa chini ya dawati, na mpaka leo nakumbuka jinsi nilivyokuwa nahesabu vitu wanavyotupa ili puto lisianguke. Ni kitabu kitamu na kina dharau, vyote viwili. Puto linafika Kazeh, ndiyo Tabora, wenyeji wanadhani ni mwezi umeshuka. Nilimsomea dereva kipande hicho, nikitafsiri. Hakucheka. "Babu zangu walikuwa wanapima pembe kwa frasila, wanajua bei ya Bagamoyo. Waabudu mfuko wa hewa?" Na ni kweli, miaka ileile kitabu kinachapishwa, watu wa huko walikuwa wanakwenda na kurudi Katanga kwa miguu, ndani ya ile sehemu ambayo ramani za Ulaya ziliiacha nyeupe. Wewe kisome, ila soma na nafasi nyeupe.

Kwa Kiswahili, usidhani hatuna. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ni nchi inayoning'inia angani, na wajumbe wake wanatumwa pande sita, wakirudi na maarifa wanafungwa. Shuleni wanaifundisha kama kitabu cha maadili, watoto wanakichukia. Isome kama safari ya ajabu, utaona ni kitu kingine.

Hapa nikiri kosa langu. Miaka fulani nilisoma hadithi moja ya kubuni kuhusu kichwa cha Msiri, maana kilikatwa baada ya kifo chake, na kilikwenda wapi kunabishaniwa hadi leo. Hadithi ile ilikipeleka mpaka Ulaya, ndani ya debe la mafuta, na maelezo mazuri sana, mpaka harufu. Nikaja nikaisimulia kwenye matanga, kwa sauti, kama mtu aliyekuwepo. Mzee mmoja, mtu wa Bunkeya, alinisubiri nimalize, kisha akaniuliza polepole: "Mtoto wangu, wewe ulilibeba debe?" Watu walicheka mpaka mfiwa akacheka. Tangu siku hiyo, nikimaliza riwaya ya historia nauliza ni wapi mwandishi aliziba pengo kwa mikono yake. Wakati mwingine pengo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, sawa, lakini usiipeleke matanga.

Ndiyo maana nasema soma na kitu cha kweli pembeni. Kwa mji wetu kipo, na kiko kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, hakijapigwa pasi hata kidogo: Vocabulaire ya Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), ya 1965, iliyoandikwa na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Historia ya Katanga kutoka jikoni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha na tafsiri mwaka 1990, na andiko lenyewe linapatikana mtandaoni bure. Watu wa pwani mtapata shida kidogo na tahajia, lisomeni kwa sauti, litafunguka. Wanaosimulia ni watu waliokuwa wanasimama nyuma ya kiti wakati bwana anakula, na walisikia mengi. Si riwaya, lakini baada ya hapo, riwaya yoyote ambayo boyi anaingia na chai halafu anatoweka itakuudhi.

Yule dereva bado tunaandikiana. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti akiwa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kwenye foleni nyingine, anataka kujua kama kuna aliyewahi kuandika kitabu kizima kuhusu yule mbeba barua wa Msiri, alikuwa nani, alilala wapi, alipokamatwa alisema nini. Mwenye kukifahamu aweke jina hapa, nikipate kabla hajarudi na shehena. Na kama kuna aliye Lubumbashi mwenye nakala ya riwaya ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, hata isiyo na jalada, nina Verne wawili wa kubadilishana. Mmoja ana doa la mafuta ya dagaa ukurasa wa Kazeh, nasema mapema.