Weka chini hicho kichupa kwanza (jibu kwa mdau wa Ujiji mwenye sikio lililoziba)

Ndugu wa Ujiji, weka chini hicho kijiti cha pamba, na kile kichupa cha matone ya gentamaisini kilichobaki tangu mwanao alipougua macho kitupe leo hii. Umeandika kwamba sikio la kulia limeziba tangu ulipoogelea ziwani, na kwamba unakusudia kulichokonoa kisha ulidondoshee dawa.

Kuziba kwenyewe si jambo kubwa. Nta hutengenezwa katika sehemu ya nje ya mfereji wa sikio, ngozi ya mfereji husogea polepole kuelekea nje huku ikiibeba, na ikilowa maji huvimba. Mfereji wa mtu mzima una urefu wa sentimeta 2.5 hivi, na mwisho wake ni kiwambo, yaani ngoma ya sikio, chenye unene wa takriban milimita 0.1, kijiti chako ni kirefu kuliko mfereji wote.

Mimi nilichokonoa, kiwambo kikatoboka, na bado silo lililonigharimu, maana tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe kwa wiki au miezi michache iwapo sikio halitaingia maji. Aliyenigharimu ni bwana mmoja wa duka la dawa, mwenye koti jeupe na maneno mengi, ambaye bila hata kunimulika kwa tochi ya simu alinipa gentamaisini na kuniagiza nidondoshe hadi kichupa kiishe. Nilipomrudia na kumweleza kwamba kila nikidondosha nahisi uchungu kooni, alinijibu kwa furaha kwamba hiyo ni ishara kuwa dawa inapenya. Inapenya wapi, hakusema!

Nyuma ya kiwambo kuna chumba chenye hewa, na humo mna mrija unaoshuka hadi nyuma ya pua. Tone likifika kooni, basi kiwambo kina tundu. Katika chumba hicho vijifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, hupokezana mtikisiko wa sauti na kuufikisha sikio la ndani, ambako kuna majimaji. Karibu na kikuku lipo dirisha la mviringo, lililofunikwa kwa utando tu, na dawa huweza kupitia hapo hadi kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani inayosikia, ambamo tunazaliwa na seli za kusikia zipatazo 15,000 ambazo zikifa hazioti tena. Gentamaisini huziua, na huziua vilevile seli za mifereji mitatu ya nusu duara inayotunza mizani ya mwili. Nilianza kuyumba njiani, majirani wakaamua kwamba nimekuwa mlevi, starehe ambayo nadhani ingenitoka kwa bei nafuu zaidi.

Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, na herufi kama S na F hukaa huko. Leo nikinunua dagaa sokoni Kibirizi sitofautishi sitini elfu na tisini elfu, na nikitoa tisini hakuna mchuuzi anayenisahihisha. Mke wangu anadai kwamba nasikia nitakacho tu, lakini hilo lilikuwapo kabla ya matone.

Kwa hiyo hakuna tone lolote, liwe la dawa, la mafuta au la kitunguu saumu, kabla mtu mwenye otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuchungulia sikio, hajakiona kiwambo chako. Muulize waziwazi, "Umekiona?", na akibabaika ondoka. Kikiwa kizima, nta italainishwa na kuoshwa kwa maji yenye joto la mwili, kwa sababu ya baridi huleta kizunguzungu. Kikiwa na tundu, yapo matone mengine, kama ya siprofloksasini, ambayo daktari anaweza kukupa. Hadi hapo usiogelee, na ukioga ziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Ukiona usaha, au dunia ikianza kuzunguka, usisubiri kesho.